Roketi za Luvua na injini ya boti

Wengi wanaovuka Ziwa Mweru kati ya Nchelenge na Kilwa ya Kongo wamewahi kubeba dumu la mafuta ya taa, bila kujua kwamba mafuta ya aina hiyo yalirusha roketi jirani na hapa. Si hadithi. Ni kando ya mto Luvua, ule unaotoka ziwani pale Pweto, katika Shaba ya wakati huo, yaani Katanga, mwaka 1977 na 1978.

Ninafundisha fizikia, na somo la injini za ndege na roketi huwatisha hata wanafunzi wanaotaka uhandisi. Baadhi yao wamerudi kutoka Mantapala, wilayani Nchelenge. Walianza kwa Kiingereza, sasa wanaulizwa kwa Kifaransa. Nami nilisomea ukimbizini, kwa hiyo naujua uchungu wa kulielewa jambo na kukosa jina lake. Basi huwa naanzia ziwani. Pangaboi la injini linasukuma maji nyuma, boti inakwenda mbele. Newton aliandika kanuni hiyo mwaka 1687.

Nahodha mmoja wa Kashikishi aliniuliza: “Sasa Mwalimu, huko juu ndege inasukuma nini, na maji hakuna?” Swali zuri kuliko mengi ya kitabuni. Inasukuma hewa, kaka. Injini ya jeti huvuta hewa mbele, mapanga yake huibana, mafuta huchomwa ndani ya hewa hiyo, na gesi ya moto hutoka nyuma kwa kasi. Ikiwa njiani huzungusha tabaini, nayo tabaini ndiyo inayozungusha mapanga ya mbele.

Roketi haiwezi kutegemea hewa, maana inakokwenda haipo. Hubeba oksijeni yake na kusukuma gesi yake yenyewe.

Hapo ndipo Luvua inapoingia. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser mwaka 1975, ilitaka roketi ya bei nafuu. Pampu za gharama kubwa iliziacha. Ilichukua mabomba marefu, membamba, kila moja na injini yake, ikayafunga pamoja kama mzigo wa miwa. Ndani yalikuwamo mafuta ya taa na asidi ya nitriki, ambayo ndiyo yenye oksijeni. Matangi hayakujazwa pomoni; nafasi iliyobaki iliwekwa hewa iliyobanwa, nayo ikasukuma mafuta na asidi hadi kwenye moto, sawasawa na jiko la kupampu. Vali ziliendeshwa na mota za waipa za magari! Na usukani? Ilikuwa ni kupunguza nguvu ya injini za upande mmoja, kama afanyavyo mwenye boti ya injini mbili anapotaka kukata kona.

Roketi ya kwanza ilirushwa 17 Mei 1977. Ya tatu, 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akitazama, ilipaa kidogo, ikapoteza mwelekeo na kuanguka. Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukidai kwamba hayo ni makombora ya vita, na mwaka 1979 Mobutu akaivunja kazi hiyo. Kampuni ikahamia Libya.

Kuanguka kwa roketi hakunikeri. Wahandisi wote huangusha. Kinachonikera ni ule mkataba. Uliipa kampuni eneo la kilometa za mraba 100,000, karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ndani yake mna vijiji vya watu. Wenye vijiji hawakubakiziwa hata chuo kimoja cha ufundi wa injini. Vitabu vya wanafunzi wangu vinaonyesha roketi za Florida; Luvua haimo.

Basi mwaka huu swali la mtihani nimelitunga mwenyewe: roketi ya mabomba manne inapaa wima kutoka Luvua. Bomba la upande wa ziwa linapungua nguvu. Roketi itapinda upande gani, na kwa nini?