Hata mtoto akihara, utumbo wake bado hufyonza

Jumatatu moja asubuhi mama kijana aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mtoto wa miezi 14. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipolia halikutoka chozi. Alikuwa akihara tangu Jumamosi. Nilipomuuliza mama amekuwa akimpa nini cha kunywa, alijibu kwa haya: "Daktari, niliacha kumpa. Kila anachokunywa kinapita tu moja kwa moja. Nyanya yake aliniambia tumbo lipumzishwe kwanza."

Usimcheke mama huyu, msomaji. Maneno kama hayo nimeyasikia kutoka kwa muuza mboga na kutoka kwa wakili. Ukiangalia nepi zinavyojaa, ni rahisi kuamini kwamba tumbo la mtoto limegeuka kuwa mfereji mtupu. Ili uone kosa liko wapi, hebu tufuate safari ya chakula.

Ugali, sukuma wiki na nyama ulivyokula jana havikuwa mali ya mwili wako ulipovimeza. Vilipofika katika mfuko wa chakula vilisagwa na kulowekwa kwa asidi, lakini hata hapo vilikuwa kama mgeni aliyeketi barazani: amefika, ila hajaingia nyumbani. Mlango wenyewe uko mbele, katika utumbo mwembamba, mrija uliojikunja wenye urefu wa karibu mita 6 kwa mtu mzima. Humo kongosho humwaga vimeng'enya, nayo nyongo huteremka kutoka ini. Ugali huvunjwa ukawa sukari ndogo iitwayo glukosi, nyama ikawa vipande vidogo vya protini, na mafuta yakawa matone yasiyoonekana kwa macho.

Ukuta wa utumbo huu si laini kama mpira wa kunyunyizia maji. Umekunjwakunjwa, na juu ya mikunjo hiyo kumesimama vinyuzi vifupi, kila kimoja kisichozidi milimita moja, kama manyoya ya taulo mpya. Ndani ya kila kinyuzi mna mishipa midogo ya damu inayosubiri kupokea. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba ukuta huo ukinyooshwa wote utafunika uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Sweden viliupunguza uwanja huo hadi kiasi cha mita 30 za mraba. Hata hivyo, hicho ni chumba kikubwa kuliko nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi, na kimo tumboni mwako.

Kila kirutubisho kina njia yake ya kuvuka. Madini ya chuma huvuka zaidi mwanzoni mwa utumbo, na chai nzito inayonywewa pamoja na maharagwe huyazuia mengi (wapenzi wa chai, ningojeni saa moja baada ya mlo). Vitamini B12 huvuka mwishoni kabisa. Lakini leo nataka tukae na maji.

Kila siku utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea lita 8 hadi 9 za majimaji. Ulichokunywa ni kama lita 2 tu. Mengine ni mate, asidi, nyongo na maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini. Sasa, utumbo hauna pampu ya kuvuta maji. Maji hufuata chumvi na sukari: hizo zikivuka ukuta, nayo huvuka nyuma yake. Mtu akipatwa na kipindupindu, kwa mfano, sumu ya vijidudu huzifanya chembe za ukuta zimwage chumvi ndani ya utumbo, na maji huifuata huko huko. Ndiyo maana mgonjwa huweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja.

Na hapa ndipo penye habari njema. Kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi. Mlango huo huipokea glukosi ikiwa imeshikana mikono na sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi, kisha maji huingia pamoja nazo. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliokimbilia India walishikwa na kipindupindu, na maji ya kutundika mishipani yakaisha. Dkt Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na glukosi zichanganywe katika maji, jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Pakiti ya ORS unayopata dukani au katika zahanati ni mchanganyiko huo huo. Ichanganye na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia. Usiongeze sukari ili mtoto apende: ikizidi, sukari hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini. Kwa sababu hiyo soda humzidishia mtoto kuhara. Usipopata pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitakusaidia mpaka uipate.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa ORS haikomeshi kuhara mara moja. Kazi yake si hiyo. Kazi yake ni kurudisha maji huku utumbo ukijitengeneza, na chembe zake hubadilishwa kwa mpya kila baada ya siku chache. Zinki ya siku 10 hadi 14, kwa kipimo utakachopewa, huusaidia. Ziwa la mama na chakula visikatizwe.

Yule mtoto alikuwa na kilo 9, kwa hiyo tulilenga kumnywesha karibu mililita 700 kwa saa 4. Mama alimpa kijiko baada ya kijiko. Alitapika mara moja. Tukangoja dakika 10, tukaendelea polepole. Saa 8 mchana alikojolea leso ya mama yake, na nadhani hakuna mkojo uliowahi kushangiliwa namna ile.

Nyumbani, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara; mkubwa wake hadi miaka 10, mililita 100 hadi 200. Lakini akiwa amelegea na haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu, au ngozi ya tumbo ukiifinya inakawia kurudi, usikae kuchanganya chochote. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na ukiwa na ORS tayari na anaweza kumeza, mnyweshe njiani.