Motokaa Mpya na Motokaa Iliyotumika



Kila msimu wa karafuu unapomalizika na fedha kupatikana, wako wanaotaka kununua motokaa ya kuchukulia magunia kutoka shamba. Mwuzaji husema, "Hii ni mpya." Yafaa basi kila mwanachama ajue neno hilo lina maana gani, kwani tofauti ya bei yaweza kumeza mavuno yake yote.

Kwanza, upya si rangi. Karafuu mbovu hazigeuki nzuri kwa kutiwa katika gunia jipya, na motokaa ni vivyo hivyo. Wala upya si umri peke yake. Motokaa iliyokaa ghalani mwaka mzima bila ya kuuzwa haijatumika. Iliyoendeshwa na mwenyewe mwezi mmoja imekwisha tumika. Huko Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 1984 yasema kuwa imetumika kila motokaa iliyoendeshwa zaidi ya mwendo wa lazima wa kuihamisha au kuijaribu kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo kilomita chache katika mita si dosari, maana hata motokaa mpya lazima iteremshwe melini.

Pili, soma hati. Motokaa nyingi zinazofika Visiwani zimekwisha tumika Japani. Hati ya kuitolea motokaa nchini humo huonyesha mwezi na mwaka ilipoandikishwa mara ya kwanza, pamoja na namba ya chesisi. Linganisha namba hiyo na ile iliyogongwa katika chuma cha motokaa yenyewe. Tena jihadhari: katika hati za Kijapani miaka huweza kuhesabiwa kwa zama za wafalme wao. Mwaka wa 20 wa Heisei ni 2008, si 2020.

Tatu, itazame motokaa yenyewe. Mita huweza kurudishwa nyuma, lakini pedeli zilizolika, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea havisemi uwongo. Tazama na ubavu wa tairi, penye namba nne za tarehe: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi zikiwa za miaka mbalimbali, muulize mwuzaji kwa nini motokaa "mpya" imekwisha badilishwa tairi.

Kununua motokaa iliyotumika si kosa. Nyingi hufanya kazi njema kwa miaka. Kosa ni kuilipia bei ya mpya. Kabla ya kutoa fedha, mtake mwuzaji aandike katika stakabadhi kama ni mpya au imetumika, kilomita zake, na namba ya chesisi. Mwuzaji mkweli hataona taabu. Akikataa kuandika, rudi na fedha zako nyumbani. Mbuzi hanunuliwi ndani ya gunia.