KINGA NAYO IPATE NJIA YAKE

Ndugu msomaji, kesho asubuhi, mbele ya jua kutoka, simama kidogo pembeni ya barabara kubwa inayoingia mjini kwenu. Ukiwa Likasi, ukiwa Kolwezi, ukiwa Lubumbashi, utaona mambo yaleyale. Wanaume wanasukuma kinga zenye mifuko ya makala, mirefu kupita kichwa cha mwenyewe. Wametoka porini tangu usiku. Mama mmoja amepakiwa nyuma na kikapu chake cha mboga, anawahi soko. Watoto wa masomo wanafuatana ukingoni, kule gudro inakoishia na vumbi kuanza. Na katikati kamio za madini zinapita, moja kisha nyingine. Kila moja ikipita, wale wote wanaruka kwenye majani.

Siku nyingine mmoja hakuruka upesi. Tunakwenda kilioni, tunakaa, tunasema: "Ni ajali tu. Siku yake ilifika." Kisha tunarudi nyumbani, na kesho yake watoto wetu wanapita pale pale.

Leo nataka kukuelezea nchi moja ambako wazazi walichoka na maneno hayo. Ni Uholanzi, jirani wa Ubelgiji. Pengine umekwisha kuona picha: wazee, wanafunzi, hata mawaziri, wote juu ya baiskeli. Utasema: "Wale ni desturi yao, na nchi yao haina milima." Ni kweli, nchi ni tambarare. Lakini milima haikuongezeka katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ile ile kinga zilianza kupotea barabarani. Watu walipata franga, wakanunua motokari. Wakubwa wa miji wakasema kinga ni kitu cha zamani, cha masikini. Wakabomoa nyumba za kale ili barabara zipanuliwe. Viwanja vya soko vikageuka fasi ya kuegesha magari. Aliyebaki na kinga alijitafutia mwenyewe pa kupita, sawasawa na muuza makala wetu.

Matokeo yake yakaonekana. Katika mwaka 1971 peke yake, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo. Zaidi ya 400 walikuwa watoto.

MABABA NA MAMA WALITOKA NJE

Mwandishi mmoja wa magazeti, Vic Langenhoff, alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kike barabarani. Mwaka 1972 aliandika katika gazeti lake, De Tijd, na kichwa cha maneno yake kilikuwa kikali: "Stop de Kindermoord", maana yake, acheni kuua watoto. Angalia neno alilochagua. Hakusema ajali, alisema kuua. Watu wengine wangeona ni matusi, lakini wazazi wengi waliona ni neno la kweli, na kundi likazaliwa lenye jina lile lile. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa mama kijana, Maartje van Putten, ambaye baadaye alikuwa mbunge katika Bunge la Ulaya.

Walifanya nini? Hawakuchoma kitu. Walifunga barabara za kartie kwa saa chache ili watoto wacheze. Walikwenda na kinga zao, wengi pamoja, kwenye fasi ambako watu walikuwa wamekufa, wakakaa pale katikati ya njia. Siku moja walikwenda na kinanda mpaka nyumbani kwa waziri mkuu, Joop den Uyl, wakamwimbia nyimbo za kuomba njia salama kwa watoto. Alitoka, akawasikiliza.

Hapa nakuomba msomaji ukae kidogo. Mbele ya hapo, kila mtoto alipogongwa, wakubwa walisema: wazazi wafundishe watoto kuangalia kushoto na kuume. Ni vizuri kufundisha, na mpaka leo watoto wa masomo ya Uholanzi wanafanya mtihani wa barabarani juu ya baiskeli. Lakini mtoto wa miaka sita ni mtoto wa miaka sita. Atafuata mpira. Atasahau. Wazazi wale walisema njia yenyewe itengenezwe hivi kwamba mtoto akisahau mara moja, asife.

Kisha mwaka 1973 ukaja na shida ya mafuta. Esansi ilikuwa haba, na kuanzia tarehe 4 Novemba serikali ilikataza motokari kutembea siku za Mungu. Watu wakatoka kwa miguu na kwa kinga, mpaka kwenye barabara kuu za magari. Wakaona kwa macho yao mji bila kelele unafanana na nini. Mwaka 1975 watu wa kinga nao wakaunda chama chao, na mpaka leo kingali kinawasumbua wakubwa wa miji.

NJIA MOJA NZURI HAITOSHI

Wakubwa walipokubali, kazi ya kupanga haikuwa nyepesi, na walikosea. Serikali ilitoa franga ili miji miwili, Den Haag na Tilburg, ijenge kila mmoja njia moja nzuri ya baiskeli kuwa mfano. Zikajengwa kweli, pana na laini. Watu wakazipenda. Lakini walipohesabu, waliona kwamba wengi waliopita pale walikuwa watu wa kinga tangu zamani, waliohama kutoka njia nyingine. Wapya hawakuongezeka sana. Sababu yake hata mama wa nyumbani angewaambia: kama nina njia nzuri ya kilometa mbili, na mbele yake kuko njia panda ya kunivunja miguu, mtoto wangu simtumi. Bomba la maji lililokatika katikati halileti maji nyumbani, hata kama kipande kilichobaki ni cha shaba.

Mji wa Delft ukajifunza. Katika miaka ya 1980 ulipanga njia za mji mzima kwa mara moja, kama wavu. Kuko njia kubwa za kuvuka mji, kila mita 400 mpaka 600. Ndani yake kuko njia za kartie, kila mita 200 mpaka 300. Ndani yake tena kuko vijia vifupi vya kumtoa mtoto nyumbani kumpeleka masomoni. Sehemu kubwa ya njia ilikuwapo tayari. Kazi yao ilikuwa kutafuta mahali wavu umetoboka: hapa daraja dogo linakosekana, pale kijia cha kupita chini ya barabara kubwa, pale njia panda haina ulinzi. Walitumia franga nyingi kwenye matobo yale kuliko kwenye njia ndefu za kupigwa picha. (Wanasiasa wa kila nchi wanapenda njia ndefu ya kukatia utepe.)

GRONINGEN ILIVYOKATWA KATIKA VIPANDE VINNE

Lakini mji unaonishangaza kuliko yote ni Groningen, kule kaskazini. Wao hawakuanza na saruji. Walianza na kuuliza: motokari iko na lazima gani kupita katikati ya mji?

Katika halmashauri ya mji alikuwamo Max van den Berg, aliyepewa kazi hiyo akiwa angali kijana wa miaka ishirini na kitu. Yeye na wenzake walichukua ramani ya kati ya mji wakaikata vipande vinne. Tarehe 19 Septemba 1977 mpango ukaanza. Ukiwa na motokari, unaweza kuingia katika kila kipande, kufika dukani, kushusha mizigo. Lakini kutoka kipande kimoja kwenda kingine, hapana. Inakubidi utoke mpaka barabara inayozunguka mji, uzunguke, uingie tena kwa mlango mwingine. Mtu wa kinga na mtu wa miguu wanapita katikati, moja kwa moja.

Umesikia hesabu yake? Safari ya dakika tano kwa kinga ikawa ndefu kwa motokari. Hakuna aliyekatazwa kununua gari. Hakuna aliyehubiriwa. Mwenye gari alihesabu mwenyewe, akaona kinga itamfikisha mbele. Na gharama? Vibao, mawe ya kufunga njia, mishale iliyogeuzwa. Si kazi ya mamilioni.

Wenye maduka walikasirika sana. Walisema mteja asiye na gari hanunui kitu, mji utakufa. Mji haukufa. Leo zaidi ya nusu ya safari za ndani ya Groningen zinafanywa kwa kinga, na maduka yako pale. Hata hivyo mabishano hayakuisha kwa mwaka mmoja. Kuko bustani kubwa ya miti, Noorderplantsoen, ambayo magari yalikuwa yakiikata. Ilifungwa kwa kujaribu, na mwaka 1994 wenyeji wote waliulizwa kwa kura. Walioshinda walishinda kwa kidogo tu, na bustani ikabaki ya watu wa miguu na wa kinga. Kwenye njia panda kadhaa za mji huo, taa ya kijani inawaka kwa kinga za pande zote nne pamoja huku motokari zote zimesimama. Ukiona mara ya kwanza utashika kichwa, lakini wanapishana bila kugongana.

MWENDO WA GARI

Njia ya peke yake haiwezekani kila mahali. Pale isipowezekana, Waholanzi wanapunguza mwendo. Mwaka 1976 sheria ilikubali namna ya kartie ambako motokari inatembea kwa mwendo wa mtu wa miguu, na watoto wanaruhusiwa kucheza njiani. Kuanzia 1983 zikaja kartie za kilometa 30 kwa saa. Mtu aliyegongwa na gari la kilometa 30 mara nyingi anapona. Kwenye 50 hatari ya kufa inapanda sana, na kwenye 80 karibu hakuna wa kukusimulia. Na hawaamini kibao peke yake. Wanaweka tuta, wanapinda njia, wanaifanya nyembamba, mpaka dereva mwenyewe anaogopa kukimbia.

Nisikudanganye kwamba wamemaliza. Mwaka 2023 barabara za Uholanzi ziliua watu 684, na 270 kati yao walikuwa juu ya baiskeli, wengi wao wazee. Baiskeli za umeme zimewapa nguvu za kwenda mbio, lakini mifupa ni ile ile ya uzee. Kazi mpya imeanza.

NA SISI?

Najua utakavyosema: "Bwana, sisi hata gudro hatuna, wewe unatuletea Groningen!" Ni haki yako. Lakini tazama tena yale niliyokuelezea. Tuta mbele ya masomo ni udongo na mawe. Kijia cha kinga pembeni ya barabara, kikitengwa na mfereji au mstari wa mawe makubwa, si lazima kiwe na gudro, kinataka tu kisawazishwe na kisifanywe soko. Kamio kupangiwa njia ya kuzunguka mji, au kukatazwa kupita saa watoto wanapokwenda na kurudi, ni karatasi na sahihi, na polisi wa kusimama pale. Freni na taa ya nyuma ni kazi yako wewe mwenye kinga, hapo sikuhurumii.

Tuanzie wapi? Kwa kuhesabu. Waholanzi wasingejua kosa la Den Haag na Tilburg kama hawakuhesabu. Vijana wa kikundi chochote wanaweza: wawili wawili kwenye kila njia panda mbaya, siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, na daftari lenye mistari mitano: watoto wa miguu, kinga, pikipiki, motokari, kamio. Pembeni andikeni fasi ambako watu wamegongwa, na mwaka. Mama wa kartie wanakumbuka zote, waulizeni. Mkimaliza, nakala moja ibaki kwenu, nyingine ipelekwe kwa burgumestre, na asiyekuwapo ofisini siku hiyo, mrudi kesho yake na watoto.