Muswada wa Fedha Haramu Unapofika Bungeni

Utakatishaji fedha ni kuzipa fedha za uhalifu sura ya fedha halali. Aliyepata mamilioni kwa rushwa, dawa za kulevya au meno ya tembo huyapitisha kwenye duka, kiwanja au kampuni iliyosajiliwa kwa jina la ndugu, mpaka chanzo chake kisionekane tena. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji Fedha Haramu mwaka 2006, na Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2009. Hakuna mbunge anayependa kuonekana akizitetea fedha za wizi, na ugumu wa kuuchambua muswada wa aina hii unaanzia hapo. Lengo likishakubaliwa na wote, vifungu vyake hupita bila kuhojiwa sana.

Bungeni Dodoma, muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Kamati huita wadau kutoa maoni: mabenki, mawakili, wahasibu, asasi za kiraia. Kisha muswada husomwa mara ya pili, wabunge huujadili, na Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima ili kuupitia ibara kwa ibara. Katibu hutaja namba ya ibara, mwenyekiti huwahoji wabunge, wabunge huitikia ndiyo, na Taarifa Rasmi huandika kwamba ibara imepitishwa bila mabadiliko yoyote. Ibara isiyo na mbunge aliyeleta jedwali la marekebisho huweza kumalizika chini ya dakika moja. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika mapema, kwenye kamati, na muswada unaoletwa kwa hati ya dharura hupunguza muda huohuo ambao ungetumika kuusoma. Kwa miaka mingi kulikuwa na kikwazo kingine: miswada iliandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria.

Cha kwanza kuchunguzwa ni maana ya kosa lenyewe. Sheria ya 2006 haimgusi tu anayejua kwamba mali ni zao la uhalifu, bali pia yule aliyepaswa kujua. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Bila hayo, tajiri aliyenunua jumba kwa bei ya kutupa angejitetea kwamba hakuuliza. Lakini maneno hayohayo yanaweza kumnasa dalali, fundi au jamaa aliyepokea malipo kwa nia njema. Kamati makini huuliza nani atapima kile ambacho mtu alipaswa kukijua, na kwa kigezo gani. Sambamba na hilo ni orodha ya makosa yanayozaa fedha haramu. Kadiri orodha inavyopanuka, ndivyo kosa la kawaida linavyoweza kuvikwa shtaka la pili, zito zaidi.

Yaliyofuata Tanzania yanaonyesha kwa nini haitoshi kusoma muswada peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliuweka utakatishaji fedha kwenye makosa yasiyo na dhamana. Hivyo anayedaiwa kukwepa kodi akiongezewa shtaka hilo, hukaa mahabusu hadi kesi iishe. Kila anapopelekwa mahakamani, upande wa mashtaka hueleza kwamba upelelezi haujakamilika na kesi huahirishwa. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019 na kushtakiwa kwa makosa hayo pamoja na mengine. Aliachiwa Februari 2020, baada ya kukiri na kukubali kulipa. Utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa ulikuwa umeingizwa kwenye sheria mwaka huohuo wa 2019, na Septemba ya mwaka huo ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ilitangaza kwamba mamia ya washtakiwa wa uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 100. Mtu aliyenyimwa dhamana na asiyejua kesi yake itaanza kusikilizwa lini hakai mezani na mwendesha mashtaka kama mtu huru. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba zuio hilo la dhamana linakiuka Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Suala lilirudi pale lilipoanzia, kwa watunga sheria.

Eneo jingine ni wajibu wa kutoa taarifa. Benki inayoshuku muamala hutakiwa kukiarifu Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24, na ni kosa kumdokezea mteja. Hilo kwa benki halina mabishano. Kwa mawakili mambo ni tofauti: nchini Kenya, serikali ilipotaka mwaka 2021 nao watoe taarifa za wateja wao, Chama cha Mawakili kilipinga kwa hoja kwamba siri ya mteja na wakili wake ingevunjwa. Wanaounga mkono husema mawakili ndio wanaosajili kampuni na kusimamia mauzo ya ardhi, njia zinazopendwa na watakatishaji. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana mpaka huchorwa kwa kutaja kazi yenyewe: wakili anayeshughulikia mauzo ya nyumba hubanwa, anayemtetea mteja mahakamani huachwa.

Nyuma ya miswada hii kuna msukumo kutoka nje. Kikosi Kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kilichoundwa mwaka 1989, huweka viwango, na umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika wenye lengo hilohilo, ambao makao yake yako Dar es Salaam, huzikagua nchi wanachama. Tanzania ilirekebisha sheria yake mwanzoni mwa 2022, ikaingizwa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi hicho, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba mwaka huo, na kuondolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi iliyo kwenye orodha hiyo huona benki za nje zikihoji miamala yake kwa ukali zaidi, na mawaziri huwaomba wabunge wafanye haraka.

Mengi hubaki nje ya muswada hata ukishapitishwa na kusainiwa na Rais. Viwango vya fedha taslimu vinavyopaswa kuripotiwa na namna ya kumtambua mteja hupangwa na waziri kwa kanuni. Kanuni hizo hufika kwa Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo zikiwa tayari zimetangazwa kwenye Gazeti la Serikali na zinatumika.