Kontroli Boksi Lishukiwe Mwisho

Gari limegoma kuwaka siku ya tatu. Plagi mpya zimefungwa, pampu ya mafuta imebadilishwa, koili zimeazimwa kwenye gari jingine na kurudishwa. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa, "Bosi, hii ni kontroli boksi." Mara nyingi maana ya kauli hiyo ni kwamba fundi ameishiwa vitu vya kubadilisha.

Kontroli boksi ni kompyuta ya injini. Husoma sensa, kisha huamua noseli zifunguke kwa muda gani na koili zipige cheche wakati gani. Si jambo la jana. Mwaka 1967 Volkswagen 1600 ilitoka na Jetronic ya Bosch, mfumo wa kupima mafuta kwa umeme, na mwaka 1979 BMW 732i ikaja na Motronic, iliyoweka mafuta na cheche chini ya kompyuta moja ya kidijitali. Boksi lenyewe halina kitu kinachozunguka wala kusuguana, na kwenye Toyota nyingi limejificha nyuma ya droo ya dashibodi, mbali na joto la injini. Sensa zinazoishi kwenye joto hilo, soketi zinazoingia maji na nyaya zinazotafunwa na panya huharibika kabla yake.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Washa swichi bila kupiga stata, uangalie taa ya injini. Kwenye magari mengi, ikiwaka ujue boksi linapata umeme na prosesa yake ina uhai. Isipowaka, na mashine ya kupimia nayo ikakataa kuwasiliana na gari, usikimbilie kulizika boksi.

Kimya cha mashine kina sababu nyingi. Magari mengi ya barabara zetu yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Yana soketi ya kupimia ya matundu 16 sawa na ile iliyokuwa lazima Marekani kuanzia magari ya 1996, lakini mara nyingi yanazungumza kwa utaratibu wa kiwanda chenyewe, na kile kidude cha bei poa kinachounganishwa na simu hakiuelewi. Kabla ya kuilaumu kompyuta, weka mita kwenye soketi hiyo: tundu la 16 liwe na chanya ya betri, la 4 na la 5 yawe na hasi. Fyuzi moja iliyoungua huinyima mashine yenyewe umeme, na watu wakaanza kutafuta boksi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road.

Baada ya hapo fuata umeme unaoingia kwenye boksi, na hapa ndipo mafundi wengi hudanganywa na mita. Boksi huhitaji chanya ya kudumu kutoka kwenye betri, chanya inayokuja swichi ikiwashwa, chanya nzito inayopita kwenye relei kuu, na hasi zaidi ya moja. Fundi akigusa waya akasoma volti 12, anaridhika. Lakini mita haivuti umeme wa kutosha kuujaribu waya. Waya uliokatika ukabaki uzi mmoja utasoma volti 12 bila shida, na ukidaiwa ampea mbili unaishiwa nguvu. Chukua balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea hizo, uiunganishe kati ya waya wa chanya na waya wa hasi zinazoingia kwenye soketi ya boksi. Ikiwaka kwa mwanga wake kamili, waya una nguvu. Ikiwaka kama mshumaa, umepata ugonjwa kwa bei ya balbu. Tahadhari mbili: usichokonoe matundu ya soketi kwa kitu kinene, maana utayapanua na kuzaa tatizo jipya, na ujue kwamba kwenye baadhi ya magari boksi lenyewe ndilo huamuru relei kuu, kwa hiyo ukilichomoa, chanya ya relei haiji kabisa.

Hasi ipimwe ikiwa kazini. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye waya wa hasi wa boksi, kisha mwenzako apige stata. Mita ikisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti, hasi ni nzima. Ikifika nusu volti, tafuta bolti yenye kutu. Hasi za boksi mara nyingi hufungwa kwenye injini, na aliyefungua injini mwezi uliopita huenda alirudisha bolti bila kusafisha, au hakuirudisha.

Umeme wote ukiwa safi na boksi bado kimya, kuna mtego mmoja ambao umeuza makontroli boksi mengi yasiyohitajika. Boksi hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa, kama ile ya mkao wa throto na ya presha ya hewa. Toyota huuita mstari huo VC. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, volti 5 zinaporomoka, na kwenye Toyota nyingi prosesa ya boksi huzimika pamoja nazo. Taa ya injini haiwaki, mashine haisomi, injini haiwaki. Kwa dalili zote, boksi limekufa, kumbe limekabwa.

Chomoa soketi ya sensa ya throto, washa swichi, pima waya wa volti 5. Ukisoma sifuri, acha mita hapo hapo na uanze kuchomoa sensa nyingine zinazotumia mstari huo, moja moja. Siku utakayoona mita ikiruka kutoka sifuri hadi 5 na taa ya injini ikiwaka wakati huo huo, utakuwa umeshika mkononi sensa iliyokuwa inamsingizia mwenzake. Zikiisha zote na sifuri ikabaki, zima swichi, chomoa boksi, upime kama waya wenyewe unagusa bodi. Usipogusa, sasa una haki ya kulishuku boksi.

Misimbo ya hitilafu husaidia kwa kiasi. P0601 na P0606 ni boksi likijishtaki lenyewe, mmoja kwa kumbukumbu yake na mwingine kwa prosesa, ingawa hata hapo anza na betri na hasi. U0100 inasema tu kwamba vifaa vingine havilisikii boksi. Ni malalamiko ya majirani, si uchunguzi.

Tuseme kweli limekufa. Lifungue. Kapasita zilizovuja huacha harufu kama ya samaki na kula njia za shaba kwenye bodi ya saketi. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa hilo, na fundi mzuri wa elektroniki huweza kuziokoa. Ukikuta transista imeungua, swali linakuwa nani aliiunguza. Koili au noseli iliyopiga shoti huvuta umeme mwingi kupita kwenye transista inayoiendesha. Kwenye Nissan kadhaa, maji ya rejeta huvuja ndani ya valvu ya sailensi, ile inayoshika mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, na shoti yake ikachoma boksi. Ukifunga boksi jingine huku muuaji yumo bado, litaungua siku hiyo hiyo. Wauaji wengine ni binadamu: kuchomelea bodi bila kuchomoa betri, kuazima umeme kwa kugeuza nyaya, na ile tabia ya kuvuta kichwa cha betri injini ikiunguruma ili "kupima alteneta." Kiwango cha kimataifa ISO 16750-2 huvijaribu vifaa vya gari la volti 12 kwa pigo la volti 79 hadi 101, kwa sababu mshtuko wa namna hiyo ndio alteneta inaweza kuutoa ikipokonywa betri ghafla.

Kwenye kununua, namba iliyo kwenye lebo ndiyo ya kufuata. Namba ya boksi la injini la Toyota mara nyingi huanza na 89661, lakini herufi na tarakimu zinazofuata ndizo hutofautisha injini, giaboksi ya mkono na ya otomatiki, hata soko. Muuzaji akisema "zote za injini ya 1NZ zinaingiliana," mwombe akuonyeshe lebo. Kabla ya kufunga, chomoa hasi ya betri. Kwa ajili ya eabegi Toyota huagiza usubiri sekunde 90.

Kisha kuna imobilaiza, kinga ya wizi. Gari lenye ufunguo wa chipu halitakubali boksi la mtumba hata likiwa zima: stata itapiga, labda injini itashika sekunde moja na kuzima. Nunua boksi pamoja na ufunguo na kisanduku chake cha imobilaiza kama muuzaji anavyo. Kwenye Toyota kadhaa zenye kisanduku tofauti, huunganishwa tundu la 4 na la 13 la soketi ya kupimia, swichi ikaachwa imewashwa dakika 30 ili viwili hivyo vizoeane. Kwingine, fundi huhamisha data kutoka kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu, mara nyingi yenye miguu minane, ya boksi la zamani. Ndiyo maana boksi la zamani lisiachwe gereji kama chuma chakavu wala kutolewa ili upunguziwe bei ya jipya: hata likiwa limeungua, chipu hiyo huenda ni nzima, na huenda funguo za gari lako zimeandikwa humo.