Kabla ya kudungua kisahani angani: Anayopaswa kujua mwanagenzi wa mchezo wa trap

KWA mkazi wa kawaida wa Nairobi, mlio wa bunduki ni ishara ya kutimua mbio au kulala kifudifudi. Ndiyo sababu si rahisi kumweleza jirani kwamba wewe hurauka Jumapili, ukavaa fulana yenye mifuko mipana na kwenda kufyatua risasi mia moja kwa starehe, bila kumlenga mtu wala mnyama.

Huo ndio mchezo wa trap. Mtambo uliofichwa ndani ya kibanda kifupi hurusha angani kisahani chenye upana wa sentimita 11 hivi, nawe una muda usiozidi sekunde mbili wa kukivunja kwa bunduki ya marisau, yaani bunduki itoayo chembe nyingi ndogo za risasi kwa mpigo mmoja.

Katika mtaa wa Karen, bunduki ya aina hii si jambo geni. Kabla ya kuwa mtaa wa majumba na nyua za michongoma, sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyeishi chini ya vilima vya Ngong kuanzia mwaka 1914 hadi 1931. Mumewe, Bror Blixen, alikuwa mwindaji mashuhuri. Rafiki yake Blixen, Denys Finch Hatton, naye alijipatia riziki kwa kuwaongoza wageni matajiri mbugani, miongoni mwao mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza mnamo 1928. Nyumba ya shamba hilo ni makavazi ya taifa hivi leo.

Zama hizo zilikwisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi dhidi ya uwindaji wa starehe. Kwa mwenye kupenda kulenga kitu kinachoruka, kilichobaki ni kisahani.

Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulipitia mkondo uo huo. Nchini Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, walengaji walikuwa wakipiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye visanduku vilivyoitwa 'trap', yaani mitego, na jina hilo likaganda. Hata jijini Paris, mwaka 1900, njiwa hai waliuawa kwa mamia katika mashindano yaliyoandamana na Michezo ya Olimpiki. Wamarekani walijaribu mipira ya kioo, ambayo iliacha vigae vikali kila mahali. Kisha mnamo 1880, George Ligowsky wa mji wa Cincinnati akapata hataza ya kisahani cha udongo kilichoruka kwa kuzunguka, mithili ya jiwe bapa linaloruka juu ya maji. Visahani vya leo hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa, japo vingali vinaitwa njiwa wa udongo.

Mtindo wa Kimarekani ndio unaomfaa zaidi anayeanza. Walengaji watano husimama kwenye vituo vitano vilivyopangwa kama upinde nyuma ya kibanda, umbali wa yadi 16, ambazo ni karibu mita 14.6. Kila mmoja hupiga risasi moja kwa kila kisahani, visahani vitano katika kila kituo, kisha wote huhama. Mzunguko mmoja ni visahani 25. Mtambo huyumba kushoto na kulia ndani ya kibanda, kwa hiyo hakuna ajuaye kisahani kitaelekea wapi, ila kitakwenda mbele, mbali na mlengaji, kwa kasi ya takriban kilomita 68 kwa saa, na kuanguka yapata mita 45 kutoka kibandani.

Trap ya Olimpiki ni kali zaidi. Mitambo 15 hufichwa handakini, visahani huruka kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na mlengaji huruhusiwa risasi mbili katika raundi za mchujo. Anayeanzia huko hukata tamaa mapema.

Lakini hatujafika kwenye bunduki bado. Kwa Mkenya, mlango wa kwanza wa mchezo huu ni sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu kununua au kumiliki bunduki au risasi bila cheti. Cheti hicho hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo. Maombi hupitia kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Si karatasi ya kupata na kusahau: Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya.

Kwa hivyo mwanagenzi asinunue chochote kwanza. Aende klabuni mikono mitupu, aulize kuhusu usajili, mkufunzi na silaha za mazoezi, na aonyeshwe kibali cha uwanja. Klabu inayompa mgeni bunduki kabla ya kumuuliza maswali haifai kurudiwa.

Mlango wa pili ni ardhi. Wapo wanaodhani kwamba mwenye shamba kubwa Karen anaweza kujiwekea mtambo nyuma ya nyumba. Hebu tupige hesabu. Ekari tano, kiwanja ambacho wengi Nairobi wataota tu, zikiwa na umbo la mraba zina upande wa mita 142 hivi. Marisau ya kawaida ya mchezo huu huweza kusafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, na desturi ni kuacha takriban mita 275 mbele ya vituo zikiwa tupu, bila nyumba, njia wala mifugo. Kiwanja hicho hakitoshi. Isitoshe, mashamba ya zamani ya Karen yanazidi kugawanywa, na ng'ambo ya ua kuna watoto wa mwenzako.

Kuna pia suala la madini. Risasi moja ya trap huwa na gramu zisizozidi 32 za chembe, karibu chembe 390, na kwa kawaida hizo ni za risasi halisi, yaani lile dude zito lenye sumu. Mzunguko mmoja wa watu watano humwaga ardhini karibu kilo nne. Uwanja unaofaa huwa mbali na mito na visima, na wasimamizi wake huzikusanya chembe hizo kila baada ya muda. Kwa sababu iyo hiyo, mlengaji huosha mikono kabla ya kugusa chakula, jambo ambalo wengi hupuuza wanapoona nyama choma iko tayari.

Basi anayetoka Karen hana budi kusafiri nje ya mitaa yenye watu. Atambue pia kwamba viwanja vingi vya shabaha nchini vimezoea bastola. Kirigiti, katika Kaunti ya Kiambu, kwa mfano, hujulikana zaidi kwa mashindano ya bastola. Ni vyema kuuliza mapema iwapo kuna mtambo wa visahani.

Sasa tufike uwanjani. Mkufunzi mzuri huanza na macho. Nyoosha mikono mbele, viganja vikipishana hadi ubaki upenyo mdogo, kisha tazama kitu cha mbali kupitia upenyo huo macho yote yakiwa wazi. Funga jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linalotawala. Watu wengi hutawaliwa na jicho la upande wa mkono wanaoutumia, ila si wote. Mtu anayeweka bunduki bega la kulia huku jicho la kushoto likitawala atapiga pembeni ya kila kisahani, na atailaumu bunduki mwaka mzima. Tiba ni kuhamia bega la kushoto, au kubandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Kwa maoni yangu, dakika hizo mbili ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika somo la kwanza, na ndizo ambazo wakufunzi wenye haraka huziruka.

Pili ni mwili. Bunduki ya trap ina uzito wa karibu kilo nne, na aghalabu huwa na mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, inayokunjwa katikati. Uzito huo haupaswi kumtisha mwanagenzi kwa kuwa ndio unaopunguza teke. Mguu wa mbele hubeba sehemu kubwa ya mwili, goti likilegea kidogo. Kitako huletwa kwanza shavuni, kisha begani. Hakichukuliwi begani halafu kichwa kikainamishwa kukitafuta. Kanuni za Kimarekani zinaruhusu bunduki iwe begani kabla ya kisahani kuitwa, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mgeni.

Mlengaji akiwa tayari hutamka neno moja la Kiingereza, 'pull', yaani 'vuta', masalio ya enzi ambapo mtu alivuta kamba ili kufungua mtego. Kisahani hutoka.

Hapa ndipo aliyefunzwa bunduki jeshini au polisi hukwama kuliko raia. Amezoea kulenga: jicho moja limefumbwa, pumzi imezuiwa, kidole kinabonyeza polepole. Bunduki ya marisau haitumiwi hivyo. Huelekezwa, kama unavyomwelekezea kidole ndege apitaye, macho yote mawili yakiwa kwenye kisahani wala si kwenye mtutu. Wingu la chembe huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufikia kisahani kilicho mita 30, na kwa muda huo kisahani kimekwisha kusonga karibu mita mbili katika njia yake. Kinachokwenda moja kwa moja kinahitaji kufunikwa tu na mtutu kwa sababu bado kinapanda. Kinachokwenda pembeni kinahitaji mtutu ukipite kidogo, na uendelee kwenda hata baada ya kufyatua. Makosa mawili hueleza karibu kila kisahani kilichokosewa: kusimamisha mtutu ghafla, na kuinua kichwa ili kuona kama umepata.

Usalama una kanuni zake, na hazina mjadala. Mtutu huelekezwa mbele daima. Bunduki hubebwa ikiwa imekunjwa, tupu, kila mtu aone mwanga kupitia mitutu. Risasi haiwekwi mpaka uwe kituoni na zamu yako imekaribia. Miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikio huvaliwa hata na watazamaji, kwani mlio huo hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mara moja. Aliyeonja pombe hatii mguu.

Lipo kosa moja ambalo wageni hawalijui na ambalo limewakata watu vidole. Bunduki ya kawaida ya mchezo huu ni ya geji 12. Risasi za geji 20 ni nyembamba kidogo, na watengenezaji huzipaka rangi ya manjano makusudi. Ikiingia kwa bahati mbaya ndani ya bunduki ya geji 12, hupita na kukwama ndani ya mtutu usikoiona. Mlengaji hudhani hakuweka risasi, huongeza ya geji 12 nyuma yake, hufyatua, na mtutu hupasuka. Ndiyo maana risasi za ukubwa tofauti hazichanganywi kamwe katika mfuko mmoja. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama, fungua bunduki, uhakikishe mtutu uko wazi kabla ya kuendelea.

Gharama nazo ni za kutafakari. Mzunguko mmoja ni risasi 25 na visahani 25, wala hakuna anayejifunza kwa mzunguko mmoja. Huu si mchezo wa kila mfuko, na haufai kunadiwa hivyo. Hata hivyo, si lazima ubaki wa wazee wenye nyua kubwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, klabu iliyoona wanachama wake wakizeeka ilianza mwaka 2001 kuwaita wanafunzi wa shule za upili, na mpango huo ukaenea hadi majimbo mengine. Na kwa wanaosema nchi ndogo haina lake katika mchezo huu, Alessandra Perilli alinyakua nishani ya shaba katika trap ya wanawake kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akaipa San Marino nishani yake ya kwanza kabisa. Nchi hiyo nzima ina watu wachache kuliko mitaa mingi ya Nairobi.

Kwa Mkenya mwenye ndoto ya kimataifa, njia imekuwa nyembamba: ulengaji shabaha uliondolewa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na Glasgow nayo haikuujumuisha katika orodha yake ya 2026. Olimpiki bado ipo.

Mwanagenzi wetu, kwa sasa, ana kazi ndogo zaidi. Mwamuzi huhesabu kisahani kuwa kimevunjika pale tu anapoona kipande kikitoka. Vumbi pekee halihesabiwi, hata likitimka kiasi gani. Katika mzunguko wa kwanza, wengi huvunja visahani vitano au sita kati ya 25, na karibu vyote huwa ni vya kituo cha katikati, vile vilivyokwenda moja kwa moja. Baada ya hapo huokota maganda yake, hukunja bunduki, na kungoja kikosi kinachofuata kimalize kabla ya kuomba zamu nyingine.