Je, Wajua? Birika la Mukendo na Chai ya Mlima Mrefu

Je, wajua kwamba ukikaa mgahawani Mukendo, katikati ya mji wa Musoma, ukaagiza chai na chapati, unainywa chai hiyo mlimani? Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa juu kidogo ya hapo. Kule Taiwan, chai ya mashamba yaliyo juu ya mita 1,000 ndiyo huitwa gaoshan, yaani ya mlima mrefu, na bei yake huipita mbali chai ya mabondeni. Kwa kipimo hicho, hata mwalo wa Mwigobero, ufukweni hapa Musoma, ni mlima.

Tofauti ni baridi. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini ya Ikweta, lakini Alishan, mlima maarufu wa chai wa Taiwan, uko karibu na mstari wa Tropiki ya Kansa. Ukungu hushuka huko, usiku huwa wa baridi, na jani hukua polepole. Jani linalokua polepole huwa nene, uchungu wake hupungua na utamu wake huzidi. Kwetu karibu na Ikweta, kuipata baridi ya namna hiyo kunahitaji kupanda zaidi, ndiyo maana chai ya Kericho inalimwa kwenye mita 2,000 hivi.

Je, wajua kwamba maji ya Mukendo hayafiki nyuzi 100 yanapochemka? Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka mapema. Hapa Musoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sasa, wapishi wengi wa oolong, chai inayotia fora kwenye nyumba za chai za Taiwan, hupenda maji ya kati ya nyuzi 90 na 95. Ukiepua birika Mukendo ukahesabu pumzi chache, umefika.

Nilijaribu mwenyewe. Nilipewa zawadi ya pakiti ndogo ya oolong ya mlimani, nikaipeleka kwenye mgahawa ninaokunywa chai asubuhi. Majani yalikuwa yamefinyangwa kuwa vidonge vigumu vya kijani, vikubwa kuliko mbaazi kidogo. Mama mwenye mgahawa akanipa birika dogo na maji ya moto. Baada ya dakika moja nikammiminia.

"Mwanangu, mbona haina rangi?"

"Onja kwanza, mama."

Alinusa, akanywa, akanyamaza kidogo. Akasema inanukia maua, ila mdomoni inaacha utamu wa hindi bichi la kuchemsha. Sijasoma maelezo ya chai hiyo yanayoishinda sentensi yake. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba tuliongeza maji kwenye majani yaleyale mara tano, na kila kikombe kilikuwa na ladha. Tulipofunua birika, vile vidonge vilikuwa vimekunjuka: majani mazima, makubwa, na vikonyo vyake, kama yaliyochumwa jana.

Je, wajua kwamba oolong, chai ya kijani na chai yetu ya rangi zote hutoka kwenye mmea mmoja? Kinachozitofautisha ni kazi ya baada ya kuchuma. Jani likipondwa na kuachwa lipate hewa hadi liive kabisa, huwa chai nyeusi. Likipashwa moto mapema, hubaki kijani. Oolong husimamishwa katikati, na kujua wakati wa kusimamisha ndiko kunakomtenga fundi na mwanagenzi.

Ziko oolong za ajabu. Aina iitwayo Jin Xuan, iliyotolewa na watafiti wa Taiwan mwaka 1981, hunukia maziwa bila kutiwa hata tone la maziwa. Nyingine, Dongfang Meiren, haifai mpaka majani yake yang'atwe na vidudu vidogo vya kijani. Mmea ukijihami, hutoa harufu ya asali. Mkulima wake hathubutu kupuliza dawa ya wadudu. Oolong haitengenezwi Asia peke yake: shamba la Satemwa, kule Thyolo nchini Malawi, nalo huitengeneza.

Je, wajua kwamba Mto Mara, ulioupa mkoa wetu wa Mara jina, unateremka kutoka nchi ya chai? Chanzo chake kiko msitu wa Mau, Kenya. Mkono wake mmoja, Nyangores, hupita Bomet, penye mashamba ya chai, na kandokando ya misitu ya Kenya serikali ilianza mwaka 1986 kupanda mikanda ya chai ili kuzuia watu wasiingie kukata miti. Maji hayo hupita Maasai Mara na Serengeti, hupita chini ya daraja la mahali paitwapo Kirumi, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Birika la Mukendo halikosi tone lililowahi kupita chini ya michai.

Linalonisikitisha ni kwamba watu tunaoishi jirani na nchi hiyo ya chai tumezoea chengachenga tu. Chai nyingi ya Afrika Mashariki hupitishwa kwenye mashine za kukata, kuchana na kuviringisha, zilizobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Hutoa rangi upesi na hustahimili maziwa, tangawizi na sukari, na siidharau hata kidogo, ndiyo iliyotulea. Lakini jani zima lina mengine ya kusema.

Kwa hiyo ukipita Kericho, au Maruku huko Bukoba ng'ambo ya ziwa, ulizia majani mazima. Ukiyapata, kikombe cha kwanza kinywe bila sukari wala maziwa, na hayo majani usiyamwage: yaongeze maji.